Sijakabwa, Kocha

Lucius Broadnax alikuwa amewapokelea mipira Wahunzi, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Garnet, Ohio, kwa misimu kumi na mitatu, na goti lake la kushoto lilikuwa limechoka kuliko yeye mwenyewe. Mwezi wa Septemba Kocha Halvorsen alimwita ofisini akamwambia kwamba mwaka huu hatarushiwa mpira hata mmoja.

"Usinielewe vibaya, mzee," kocha alisema. "Hujadaka kitu cha maana tangu mwaka juzi, na bado kila ukiingia wanakuganda walinzi wawili. Mtu wa kukabwa na wawili ni mali, bwana."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Ukabwe. Basi."

Akakabwa. Mchezo wa kwanza alisimama kwenye kona ya mbali kabisa, na walinzi wawili wakamfuata. Mchezo wa pili aliwekwa kando ya pipa la maji, wakamfuata. Wa tatu akaambiwa asimame nje, kwenye maegesho, katikati ya watu waliokuwa wakichoma soseji nyuma ya magari yao. Walinzi wawili wakatoka mbio uwanjani, wakasimama kushoto na kulia kwake mikono wazi, huku ndani Wahunzi wakifunga watakavyo dhidi ya watu tisa. Baada ya hapo kocha akamwambia asijisumbue kuja, akae nyumbani.

Ligi ilipekua kitabu cha sheria ukurasa kwa ukurasa. Kilisema wachezaji wawe kumi na mmoja, lakini hakikusema wakae karibu. Akaletwa refa mmoja, shati la mistari na filimbi, akapewa kiti barazani kwa Lucius, ikahesabiwa kwamba Lucius yuko uwanjani, na mjadala ukaishia hapo.

Ikawa hivyo kila Jumapili. Lucius anavaa kofia ngumu na pedi za mabega, anakaa jikoni. Kengele ya mlango inalia, wanaingia walinzi wawili wa timu pinzani, wapana kama makabati, na Renita, mkewe, anawapigia kelele kwa ajili ya sakafu yake.

"Samahani, shemeji," wanasema, na kuvua njumu zao mlangoni.

Kisha kocha anapiga simu kutoka uwanjani. "Wangapi?"

"Wawili."

"Safi sana." Na simu inakatwa.

Lucius akiinuka kwenda chooni, nao wanainuka. Akinyoosha mkono kufungua friji, mmoja anaruka katikati. Wanakula supu ya maharage na nyama ya kusaga ya Renita, wanamega mkate wa mahindi, wanatazama mchezo kwenye televisheni, na hawamwachii hata hatua moja.

"Nikitaka nawaacha hapahapa, kati ya jiko na sinki," Lucius aliwatania siku moja.

"Tunajua, mzee," mmoja alijibu, mdomo umejaa. "Ndiyo maana tuko hapa."

Maneno hayo yalimpasha moto wiki nzima. Hata hivyo hakuacha kumlalamikia mkewe kwamba anautaka mpira, hata mara moja tu, kabla goti halijamstaafisha.

"Unautaka mpira, au unataka waendelee kukuogopa?" Renita alimuuliza.

"Vyote."

"Chagua kimoja, Lucius, vyote havitakaa mezani kwangu."

Sasa, wapokeaji ni waongo, na hili nalisema bila kumwonea mtu. Hajazaliwa mpokeaji aliyewahi kurudi kwa wenzake akakiri kwamba alikabwa. Awe amelaliwa na watu watatu, awe na majani mdomoni, atasema tu, "Sijakabwa! Mbona hukunipa?" Lucius alilisema hilo kila mchezo kwa miaka kumi na mitatu, na hakuna aliyekuwa akilisikia tena.

Ikafika nusu fainali, Januari, theluji hadi magotini. Renita akapika supu ya watu watano. Saa saba mchana ikakaribia, kengele haikulia.

Refa akachungulia kwa dirisha. "Hawajaja?"

"Foleni," Lucius alisema.

"Jumapili?"

Simu ikalia. "Wangapi?" aliuliza kocha.

Lucius alivitazama viti viwili vitupu. Akisema wawili, atabaki kuwa mali, ila Wahunzi wataingia wakidhani wanacheza na tisa, kumbe ni kumi na mmoja. Akisema ukweli, yeye ni mwanamume tu aliyevaa kofia ngumu jikoni kwake.

"Hakuna," alisema. "Kocha, sijakabwa."

Kocha alicheka mpaka akapaliwa. "Hata leo! Mzee, wewe hubadiliki!"

"Naapa, kocha. Viti vitupu!"

"Haya, haya, hujakabwa," kocha alisema, bado anacheka, akakata.

Lucius alipiga tena mara sita. Hakuna aliyepokea. Kwenye televisheni, Kosko, mrushaji wa Wahunzi, alikuwa akitwangwa kama mtama, kila mara na watu wawili asiowatarajia. Zikiwa zimebaki dakika ishirini, Wahunzi wako nyuma kwa pointi nne, Lucius akasimama.

"Goti lako!" Renita alipiga kelele.

"Nakwenda nalo!"

Akashuka Mtaa wa Mill mbio, mkono juu, refa akihema nyuma yake. Watu walitoka barazani.

"Sijakabwa!" Lucius alipaza sauti.

"Tunaona!" alijibu bibi mmoja aliyekuwa akizoa theluji.

Maili mbili baadaye, bawabu wa geti la uwanja akadai tiketi. Refa akapuliza filimbi, akamweleza kwa ukali kwamba mtu huyu yuko uwanjani tangu saa saba.

Zilibaki sekunde sita. Lucius alichechemea hadi nyuma ya mstari wa goli, akanyoosha mikono, akapiga ukelele wake uleule. Kosko, huku akivutwa jezi na watatu, aligeuza shingo akamwona. Hapakuwa na mtu karibu naye. Akarusha.

Lucius aliudaka, pointi sita, akaukumbatia kifuani. Mwili wake ukafanya ulichozoea kufanya: ukajikunja, ukafumba macho, ukangoja kupigwa. Ukangoja. Alipofumbua macho, mashabiki walikuwa wakimwagika uwanjani, na Kocha Halvorsen alikuwa akimlilia shingoni.

"Kumbe ilikuwa kweli!" kocha alisema. "Kumbe hukukabwa!"

Lucius alimsukuma pembeni, akapenya umati mpaka akampata mlinzi wa karibu zaidi wa timu pinzani, kijana aitwaye Odom, amekaa juu ya kofia yake.

"Uliniona?"

"Nilikuona, mzee. Tangu unaingia getini."

"Ulikuwa hatua ngapi?"

"Kama nane hivi."

"Hatua nane! Mbona hukuja?"

Odom alitazama theluji katikati ya miguu yake. "Kocha wetu alisema tusisumbuke nawe."

"Lakini nimefunga. Nimewatoa nje ya mashindano."

"Ndiyo, mzee. Umedaka vizuri sana." Akainuka, akaliona goti la Lucius linavyotetemeka, akampisha ili akae juu ya kofia yake. Na Lucius, mpira bado kifuani, akamruhusu amshike mkono, amkalishe taratibu.