Lori Lililotaka Kuitikiwa

Donatus alikuwa amelala chali chini ya lori, akikaza boliti ya giaboksi kwa spana iliyopinda, Selestine dereva alipokuja kusimama pembeni na malalamiko yaleyale ya jana. Fundi aliviona viatu vyake tu.

"Asubuhi linawaka kwa kuguswa," viatu vilisema. "Lakini likishachemka, ukalizima upakie mzigo, umekwisha. Stata inazunguka, inazunguka, injini haishiki mpaka ipoe. Na gia, ukitoka ya pili kwenda ya tatu, inasaga kama mtu anayetafuna kokoto. Leo nimevutwa na maksai, fundi. Lori jipya la dizeli, linavutwa na maksai wa pamba!"

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye usukani, nimekaa kama bwana harusi."

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, na malori ya dizeli ndiyo kwanza yalikuwa yanaingia katika migodi ya dhahabu upande wa Geita. Donatus alikuwa Msumbwa wa Masumbwe. Ufundi aliupata vitani Burma, na aliporudi alikuta mkewe amekwisha kuwa mke wa mtu mwingine, tena mtu mwema, wa kumwamkia na kumpisha njia. Basi akaja mgodini, akapewa chumba nyuma ya gereji. King'ora cha jioni kikishalia, hakuna aliyelitaja jina lake mpaka kesho yake. Alipika ugali wa mtu mmoja, na mara nyingine ulibaki.

Alilichunguza lile lori kama inavyopasa. Dizeli ikipata moto huwa nyepesi, na pampu iliyolika huivujisha ndani kwa ndani, nguvu ya kufika kwenye nozeli ikakosekana. Dawa ya kulijua hilo ni moja: unalowesha gunia, unaifunika pampu ipoe, unapiga stata. Kama tatizo ni pampu, gari litawaka. Alilowesha gunia, akafunika, akapiga. Halikuwaka. Akalegeza mrija atazame kama unavuta hewa. Dizeli ilitoka safi bila povu. Betri ilikuwa na nguvu. Akarekebisha klachi, kisha akamwaga oili ya giaboksi kiganjani kutafuta chembe za chuma. Chuma hakukiona. Aliona mchanga mwekundu wenye unyevunyevu, uliokuwa na harufu ya chini ya ardhi. Akaufuta kwenye suruali, akatia oili mpya.

Jambo moja tu lilimsumbua. Stata, gari likiwa la moto, haikulia kama stata nyingine. Ililia kwa kusita, kwa sauti nzito: mwadila, mwadila, mwadila.

Langoni mwa gereji alikuwa akikaa mwanamke mmoja wa Kisukuma, Limi, aliyeitwa Mama Holo kwa jina la mtoto wake. Aliuza matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo wachimbaji hutafuna wakitoka zamu. Alasiri ile Selestine alikuwa akipiga stata huku akilitukana lori, na Limi alikuwa akimhesabia mteja viazi, mgongo ameupa gereji.

Mwadila, mwadila, lilisema lori.

"Mwadila, ng'wana Mageni," alijibu Limi bila kugeuka, kama Msukuma anavyoitikia salamu hiyo ya jioni huku mikono ina kazi.

Injini ikawaka.

Limi aliweka viazi chini. Alikuja hadi kwenye boneti, akalitazama lori kwa muda, kisha akajifunga kanga upya.

"Huyu ni mume wangu," alisema. "Nkwabi, mwana wa Mageni."

"Mbona asubuhi hasalimii?" aliuliza Donatus, kwani fundi lazima aulize kila kitu.

"Asubuhi hakuwa msalimiaji. Alikuwa anaamka anaondoka, utadhani nyumba inaungua. Jioni ndipo alipokuwa mtu. Anasimama mlangoni, anasalimu, na kama hukumwitikia kwa jina la baba yake, haingii. Ninaweza kuwa na sufuria mkononi, mtoto mgongoni, yeye kasimama tu."

Selestine alishuka, akavua kofia. "Shemeji, nisamehe," aliliambia lori. "Matusi yale yalikuwa ya gari."

Habari za Nkwabi zilijulikana kwa kila mtu pale. Wakati wa masika shimo la upande wa mashariki liliporomoka. Kampuni ilisema hakukuwa na mtu ndani, na kwamba wale wasioonekana wametoroka kwenda kuchimba kwa siri porini. Siku ileile lori hili lilirudi kinyumenyume hadi ukingoni, tena na tena, likamwaga kifusi mpaka shimo likawa sawa na uwanja. Tangu hapo Limi alikuwa mke wa mtoro. Hakuna aliyemlilia mumewe, maana mtoro haliliwi. Hakuna aliyekuja kulala chini nyumbani kwake, wala kuwasha moto wa msiba uani, wala kumnyoa nywele. Wifi zake walimwuliza alimfanya nini kaka yao hata akakimbia.

Shida ya gia Donatus aliimaliza mwenyewe. Aliwahi kushushwa shimoni kutengeneza pampu ya maji, akaona kwamba kule chini hakuna anayesukuma toroli la mawe kabla ya kupaza sauti, "Naja!" na kuitikiwa, "Njoo!" Asiyefanya hivyo huvunja miguu ya wenzake. Nkwabi alikuwa msukuma toroli. Fundi akamwagiza Selestine atangaze kabla ya kubadilisha.

"Naja!" alipaza sauti Selestine, akakanyaga klachi. Gia ya tatu iliingia laini kama kidole kwenye samli.

Kesho yake Limi na Donatus walikwenda kwa bwana meneja. Limi hakutaka makubwa. Alitaka mtu mmoja mwenye madaraka atamke kwamba Nkwabi amekufa, ili aweke matanga.

Meneja alikuwa mtu mtulivu, mpenda haki kwa namna yake. Alikuja gereji jua la alasiri, akaamuru lori lichemshwe, lizimwe, lipigwe stata. Akasikiliza. Limi akaitikia, injini ikawaka. Meneja akatikisa kichwa, akasafisha miwani.

"Mimi nimesikia," alisema. "Na mama amesikia. Mtu anayesalimia hajafa. Kampuni haiwezi kusema amekufa."

"Basi nipeni nikakae naye nyumbani," alisema Limi.

"Haiwezekani. Yuko kazini."

"Kama yuko kazini, mbona mnasema ametoroka?"

"Alitoroka kazi ya shimoni. Hii ya gari alijipa mwenyewe." Alimgeukia Donatus. "Fundi, kazi nzuri. Waambie madereva wote wamsalimie."

Akarudi ofisini kwake. Njiani aliinama akaokota msumari barabarani, usije ukatoboa tairi.

Tangu siku hiyo lori lilifanya kazi bila maksai. Likiwa safarini Selestine aliitikia mwenyewe, kwa Kisukuma chake kibovu, na Nkwabi alimvumilia. Alasiri lilipokuwa gereji aliitikia Limi. Alikuja hata siku ambazo hakuwa na viazi vya kuuza. Nywele zake zilikuwa zimefika mabegani, maana hapakuwa na wa kuzinyoa, na alizifunga kwa kitambaa. Donatus alikuwa akimwekea gogo la kukalia karibu na boneti, kisha anaondoka kwenda kuosha spana ambazo zilikuwa safi.

Mvua za mwaka uliofuata shimo jingine liliporomoka. Kampuni ilikuwa imenunua lori la pili, na hilo ndilo lililomwaga kifusi. Watoro walikuwa wengi safari hii. Mwezi haukupita, lori la pili likaanza kuwaka vizuri asubuhi na kugoma likiwa la moto. Donatus hakulowesha gunia. Alimwita Limi.

Limi aliisikiliza stata kwa makini. "Mwadila," alisema, "lakini si wangu. Hili sijui baba yake ni nani."

Basi walikuja wanawake wa watoro. Walisimama foleni mbele ya boneti, wengine wametoka mbali na watoto mgongoni, na Selestine akawa anapiga stata. Kila mmoja aliitikia kwa jina la baba mkwe wake. Wa kwanza aliitikia, lori halikuwaka. Akapiga kigelegele, akaondoka akicheza, kwa sababu mumewe alikuwa mtoro wa kweli. Wa pili, halikuwaka. Huyo alicheka huku analia, akaahidi kwamba siku mwanaharamu yule akirudi atamvunjia mwiko kichwani. Wa tatu, wa nne, vigelegele. Gereji haikuwahi kuwa na furaha namna ile.

Mwisho akabaki mmoja tu kwenye foleni, Zipora.

Selestine akapiga stata. Mwadila, mwadila, mwadila, lilisema lori, kwa subira, kama mtu aliyesimama mlangoni.

Zipora alirudi nyuma hatua moja.

"Itikia, mayu, mama yangu," alisema Limi taratibu. "Anakungoja."

"Siitikii," alisema Zipora. "Mume wangu katoroka. Mmesema wenyewe katoroka."

Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akashika njia ya kwao. Hakuna aliyemfuata. Selestine alitoa mkono kwenye stata, akashuka, akaenda zake. Limi naye akajitwika sinia lake.

Donatus alibaki na lori. King'ora kilikuwa kimekwisha kulia. Alijua kwamba likipoa litawaka, na asubuhi litapeleka mzigo Kharumwa kama kawaida. Alilisogelea, akaweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto, akamwambia aliyekuwamo kwamba yeye ni Msumbwa, mgeni hapa, na hajui amwitikie kwa jina la baba yupi. Kisha akaenda kusonga ugali, na safari hii akasonga wa watu wawili.