Mkono wa Kulia

Umeme ulikuwa umekatika maabarani, na mtafiti kijana alikuwa akimsubiri fundi. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee asiyemjua.

"Afadhali umefika, baba. Umekuja kuwasha?"

"Kuwasha? Mimi ndiye ninayewashwa, mwanangu. Mikono yote miwili, na mimi ni kinyozi. Nasikia mnapima shubiri."

Mtafiti akaona haya, kisha akamweleza. Huenda shubiri inatuliza muwasho, lakini ili ijulikane kweli, aipake mkono wa kushoto tu hadi Ijumaa, wa kulia auache vilevile. Wagonjwa waliotangulia walikubali, kisha wakaenda kujipaka mpaka shingoni. Kama asingepatikana hata mmoja wa kutii, utafiti ungefungwa.

"Nakuahidi," alisema kinyozi.

Ijumaa akarudi. Mkono wa kushoto ulikuwa umetulia. Wa kulia ulikuwa ndani ya soksi, umefungwa kamba.

"Wateja wamenikimbia," alisema. "Nani akubali kunyolewa na mkono unaorukaruka? Huu kweli ni mkono wa kulia, nimelia nao wiki nzima."

Mtafiti akaivua soksi. Ngozi ilikuwa kavu, imejaa vipele, haijaonja hata tone la shubiri. Machozi yakamlengalenga.

"Mtu mmoja hatoshi kuwa ushahidi, baba. Lakini tumeanza."

"Vizuri. Sasa nipake, kabla sijakuachia mkono wenyewe."