Bi Mwanawema Aenda Kusomesha Kampala

Bi Mwanawema aliingia ofisi ya serikali mjini Chake Chake kama tarishi, na baada ya miaka ishirini na mbili alikuwa karani mkuu wa masjala. Faili lolote ukilitaka, yeye hafungui daftari. Ananyoosha mkono tu na faili lile hapo. Mabosi walikuja na kuondoka, Bi Mwanawema akabaki na makabati yake. Lakini moyo wake haukuwa kwenye mafaili hata siku moja. Tangu yuko kidato cha tatu, kabla hajaolewa, alitaka kusomesha.

Aliolewa, akazaa binti mmoja, Rahila, kisha akafiwa na mume. Akalea. Rahila alipomaliza skuli, mama mtu akarudi yeye kwenye vitabu, wakati huo ana miaka thelathini na minane. Akafanya mitihani upya pamoja na watoto wa watu, akajiunga na chuo cha masafa, akawa anasoma baada ya sala ya alfajiri mpaka saa ya kwenda kazini. Alipata shahada yake ya ualimu wa Kiswahili akiwa na miaka arubaini na sita. Wawi nzima, kijijini kwake, ilikuja kula pilau na kumuombea dua, na wengi walipokwisha kunawa mikono walidhani hapo ndipo mwisho wa habari. Bi Mwanawema kapata cheti chake, atakitundika ukutani, basi.

Yeye hakukitundika. Alikitia kwenye bahasha na kuanza kuomba kazi. Kila tangazo lililotoka lilitaka umri ambao yeye ameshaupita. Aliomba mara tatu, na mara ya tatu kijana aliyepokea barua zake alimuuliza kama anamuombea kazi mwanawe.

Jirani yake alikuwa Mwalimu Angelina, Mhaya wa Bukoba, aliyekuja Pemba kusomesha Hesabu miaka kumi na tisa nyuma akisema atakaa miwili. Jioni moja ya mwezi wa Novemba alikuja na simu mkononi, hata salamu hakuzimaliza.

"Bi Mwanawema, soma hapa."

Ilikuwa skuli ya sekondari Kampala, Uganda. Inatafuta mwalimu wa Kiswahili, anayetoka pwani hasa.

"Kampala!" Bi Mwanawema akacheka. "Mie nina miaka arubaini na sita, mwalimu."

"Soma tena. Wameuliza umri wapi?"

Akasoma tena, mstari kwa mstari, kama anavyosoma mkataba. Hakuona pahala. Asubuhi yake akapeleka maombi.

Wiki mbili baadaye wakamjibu. Wamependa barua yake, sasa wanataka kumuona akisomesha. Alhamisi saa nne, kwa njia ya kompyuta, atawasomesha wanafunzi wao somo moja, na mwalimu mkuu atakuwa darasani anaangalia.

Habari kama hiyo Wawi haikai kwenye mfuko. Kabla ya jua kuchwa ilishamfikia Mzee Mjaka, kaka yake mkubwa, na huo ulikuwa msimu wa karafuu, ambapo mtu huyu hata mazikoni huonekana kwa shida. Siku ile aliacha majamvi yake na kuja na makonyo ya karafuu bado yamemganda kwenye kanzu ya kazi.

"Nasikia wataka kwenda Uganda."

"Umesikia kweli, kaka."

"Kuna nani?"

"Kuna wanafunzi."

"Pemba hakuna wanafunzi?"

"Wamejaa tele. Lakini hapa nishapitwa na umri, sitakiwi."

"Basi kaa! Weye ni mjane, mtu mzima, watu wanakuheshimu. Wende peke yako kwenye mji usikomjua mtu, watu watasemaje? Watasema nduguze wameshindwa kumuweka."

Bi Mwanawema alimjua kaka yake. Ukimjibu, hupandisha sauti; ukinyamaza, huona ameshinda. Akachagua njia ya tatu.

"Alhamisi saa nne nitawasomesha kwa kompyuta, nyumbani kwa Mwalimu Angelina. Njoo uwasikie kwa masikio yako. Ukiona watu wabaya, n'ambie."

"Na karafuu zangu nimwachie nani?" alisema Mzee Mjaka, akaondoka bila kuaga.

Rahila naye alikuwepo siku ile, anakunja nguo. Alikuwa ameolewa, na sasa ana mimba ya kwanza, miezi mitano. Mama yake alipomuuliza anaonaje, alisema, "Nenda tu, mama, ni bahati yako," na akakunja upya kanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Alhamisi ilipofika, Mzee Mjaka alikuwa wa kwanza kubisha hodi kwa Mwalimu Angelina. Alivaa kanzu ya Idi na kofia ya kiua. Akavuta kiti, akakiweka nyuma ya kompyuta ambako haonekani, akakunja mikono.

Kompyuta ikawaka, na hao, darasa zima la watoto wa Kampala, wamevaa sweta za kijani, wamebanana kwenye madawati wanamtazama. Bi Mwanawema alikuwa ameandaa somo la vitenzi. Alipoinua karatasi yake ya kwanza akaona mtoto mmoja wa mbele anapiga miayo, na hofu ikamtoka ghafla. Aliona ni watoto tu.

Akaiweka karatasi chini. Akatoka mpaka uwanjani, akachota karafuu mbichi kwenye jamvi la Mwalimu Angelina na kurudi nazo.

"Kwetu Pemba, mwezi huu, kila mtu ana kazi," aliwaambia. "Mimi nachuma. Sisi?"

"Tunachuma!" wakajibu.

"Kisha nachambua, naondoa vikonyo. Jana?"

"Ulichambua!"

"Kisha naanika juani. Kesho?"

"Utaanika!" akapiga kelele mmoja aliyewawahi wenzake, na darasa likacheka. Yule wa miayo sasa alikuwa amekaa wima.

Mambo yalikwenda hivyo dakika ishirini, vitenzi vinaruka kama bisi. Kisha msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, karafuu ni nini hasa? Ni mbegu?"

"Hapana," alisema Bi Mwanawema. "Karafuu ni tunda la mkarafuu."

Nyuma ya kompyuta kiti kililia.

"Tunda!" Mzee Mjaka alikuwa amesimama. "Tunda wapi? Weye Mwanawema umezaliwa kwenye mikarafuu, leo wawadanganya watoto wa watu?"

Kampala watoto wakageuza vichwa kumtafuta msemaji. Mwalimu Angelina akajifunika uso kwa kanga. Kwa kitambo kidogo Bi Mwanawema aliona Kampala inazimika kama taa. Kisha akasikia mtoto kutoka mbali anauliza, "Mwalimu, nani huyo?"

Alimtazama kaka yake, amesimama na kanzu yake ya Idi, kidole juu. Akageuza kompyuta.

"Huyu ni kaka yangu, Mzee Mjaka. Ana mikarafuu mia moja na zaidi. Mimi nimekosea, na yeye amenisahihisha. Muulizeni."

Mzee Mjaka alipojiona kwenye kioo alirudi hatua moja nyuma. Lakini swali lilikuwa limeshakuja. Karafuu ni nini? Akakohoa.

"Karafuu ni ua," alisema. "Ua ambalo halijafunguka. Ukilichelewa likafunguka, limekupotea. Likija likawa tunda, hilo twaliita mpeta, na mpeta si karafuu tena, ni mbegu ya kupanda."

"Mzee, unapandaje juu ya mti?"

"Mzee, uliwahi kuanguka?"

"Nimeanguka mara mbili," alisema Mzee Mjaka, na hapo akavuta kiti chake akakaa katikati ya kioo, kama aliyealikwa. Aliwaeleza alivyoanguka mara zote mbili. Aliwaeleza mvua inavyoweza kukuchekea ukiwa umeanika. Bi Mwanawema alisimama pembeni na karafuu zake mkononi, na kila kaka yake alipomaliza sentensi, yeye aliidaka na kuirudisha darasani: "Mzee alianguka. Nyinyi?" "Hatukuanguka!" Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye miwani, alionekana nyuma ya darasa anafuta machozi ya kicheko.

Walipoagana, Mzee Mjaka akapokea chai.

"Watoto wana adabu," alisema mwishowe. "Wanauliza vizuri." Kisha, kama asiyetaka: "Na weye wasomesha vizuri. Ila tunda!"

Siku ya pili yake alikuwa barazani anawahadithia wenzake jinsi alivyosomesha Kampala. Lakini hakuachia hivi hivi. Aliomba namba ya mwalimu mkuu, akampigia mwenyewe, akamuuliza nyumba atakayokaa dada yake ina mlango wa namna gani, msikiti uko umbali gani na jirani ni nani. Aliridhika na mlango. Juu ya jirani alisema atafikiri.

Barua ya kazi ikaja: aanze mwezi wa Februari.

Hapo ndipo Bi Mwanawema alipokosa usingizi. Rahila alitarajiwa kujifungua mwishoni mwa Machi. Alimkuta jikoni anakuna nazi, mbuzi wa kukunia kamkalia kwa taabu na tumbo lake.

"Rahila, n'ambie kweli. Sitaki maneno mazuri."

Rahila aliendelea kukuna. "Nataka uende," alisema. "Kweli nataka. Nimekuona ukisoma na kibatari umeme ukikatika, mama, nani asiyetaka uende? Lakini mie naogopa kuzaa. Naogopa sana." Nazi ikamponyoka. "Ndiyo hiyo kweli yenyewe."

Bi Mwanawema akamuondoa juu ya mbuzi, akakaa yeye, akaikuna ile nazi mpaka ikaisha. Kisha akanawa mikono akapiga simu Kampala.

"Nyabo," alisema mwalimu mkuu, kama wanavyomwita bibi wa heshima kwao, akafurahi. "Umepata barua?"

"Nimeipata, na nimefurahi. Lakini binti yangu anajifungua mwezi wa tatu, na siwezi kumuacha kabla ya arubaini yake. Nipe mpaka muhula wa pili. Kama haiwezekani, nitaelewa. Lakini sitasema uongo."

Upande wa pili zikasikika karatasi zinafunuliwa. "Itabidi niulize bodi," alisema yule mama. "Sikuahidi kitu."

Siku tatu zilipita. Bi Mwanawema alikwenda kazini, akapanga mafaili ambayo hayakuhitaji kupangwa. Mwalimu Angelina alimkemea. "Ungeomba wiki mbili tu! Nafasi kama hii?" Bi Mwanawema akasema hewala, lakini hakujuta. Siku ya nne simu ikalia. Bodi imekubali. Mwalimu mwingine atashika madarasa yake muhula wa kwanza. "Na wanafunzi wanauliza," aliongeza mwalimu mkuu, "mzee wa karafuu atakuja lini?"

Rahila alijifungua hospitalini Chake Chake tarehe mbili Aprili, msichana, kilo tatu na kitu. Mama yake alikuwa nje ya mlango tangu alfajiri na tasbihi mkononi. Wakamwita mtoto Safaa. Kwa siku arubaini Bi Mwanawema alimkanda bintiye kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku wa kienyeji, akamfundisha kumuogesha mtoto bila kutetemeka. Siku ya arubaini na moja Rahila alimuogesha Safaa peke yake, akamvisha, akamlaza, akamgeukia mama yake. "Haya," alisema, "sasa nenda, usije ukazeeka hapa."

Aliaga kazi yake ya masjala, akaondoka wiki ile ile. Bandarini Mkoani walikuja ishirini na zaidi, na Mzee Mjaka akampa mzee mmoja asiyemjua, abiria mwenzake tu, jukumu la kumtazama dada yake mpaka Dar es Salaam. Kutoka Dar akapanda basi siku mbili. Bukoba mama yake Mwalimu Angelina alimpokea, akamlisha ndizi mpaka akaomba msamaha, akamlaza, asubuhi akampeleka mwenyewe kituoni. Alivuka mpaka, akaona milima, mvua na bodaboda nyingi kuliko watu aliowahi kuwaona. Kampala ilimpokea kwa msongamano wa magari wa saa mbili na nusu. Aliutumia kuhesabu majina ya maduka aliyoweza kuyasoma, na yasiyosomeka akamuuliza aliyekaa naye.

Jumatatu saa mbili asubuhi aliingia kidato cha kwanza. Wanafunzi sabini na wawili wakasimama.

"Habari za asubuhi, mwalimu!"

Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo na darasa lililo mbele yake, lenye pumzi na viatu vya matope. Akageukia ubao akaandika tarehe. Chaki ikakatika. Akaokota kipande, akaandika jina lake, akawageukia.

"Nzuri," alisema. "Kaeni. Kila mtu aniambie jina lake na kitu kimoja alichokula jana. Kwa Kiswahili. Kibaya au kizuri, nitakipokea."

Majina sabini na mawili yalikula kipindi kizima, na kengele ilipolia hakuisikia. Msichana wa mbele ndiye aliyemwambia.

Chumba cha walimu kilikuwa na harufu ya chai ya maziwa. Mwalimu mmoja wa Jiografia alimsogezea kiti.

"Pole, nyabo. Umeonaje, siku ya kwanza?"

"Miguu inaniuma," alisema Bi Mwanawema, "na sauti imekwenda." Akakaa, akacheka mpaka wengine wakageuka. "N'ambie, kipindi changu kingine ni saa ngapi?"