Hedifoni za Mgongo Wazi

Kitu cha kwanza alichosikia Klementina kilikuwa mvua isiyonyesha mtaani kwao Malangali. Nje, jua la kipupwe lilimulika mabati na upepo mkavu wa Ufipa ukafukuza vumbi uani. Masikioni mwake, ndani ya gemu, mvua ilidondoka juu ya majani, tone hapa, tone kule mbali, hata akageuka kutazama dirisha.

Hedifoni zilikuwa za Cornelius, mjomba wake, mwenye ukumbi wa gemu karibu na stendi. Alikuwa ameagiza moja tu na kumwomba mpwa wake aipime kabla hajanunua za ukumbi mzima. Alijua amkabidhi nani. Katika timu yao, Klementina ndiye aliyesikiliza nyayo za adui na kuwaonya wenzake, na mjini vijana walisema binti huyo husikia hata nyasi zikiota.

Hazikuwa zile za taa za rangi na besi inayotwanga kifua kama mchi. Hizi zilitengenezwa kwa wapenzi wa muziki, kisha zikaongezewa maiki. Migongo yake ilikuwa wavu mtupu, sauti ikiingia na kutoka kama upepo upendavyo. Klementina aliliona hilo kuwa kasoro, maana alimsikia mama yake akipepeta ulezi uani. Lakini zilikuwa nyepesi, na kila sauti ilikuwa na mahali pake. Adui alipokanyaga ubao ghorofani, alijua ni ubao upi. Akamwangusha kabla hajashuka ngazi, akacheka peke yake kwa raha.

Wenzake walikuwa Leonia wa Pito na Yusto, kijana wa Kasanga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, aliyecheza kwa simu. Hawakuwahi kuonana naye. Katika hedifoni za zamani sauti yake ilikuwa kama nzi aliyenaswa koponi: songa, rudi, funika. Klementina aliisikia kama mtu anavyosikia honi.

Siku ile Yusto alisema, "Songeni, niko poa," na kwa mara ya kwanza Klementina akasikia kilichokuwa chini ya maneno. Pumzi ilikatika katikati kama uzi mbovu. Nyuma yake palikuwa na viti vikiburutwa, na wanawake wengi wakiimba polepole wimbo ambao kila Mkatoliki wa Ufipa anaujua, na ambao hauimbwi harusini.

Akaondoa kidole kwenye kitufe. Ni mara ngapi, alijiuliza, ameyanasa mapigo ya viatu vya watu wasiokuwapo, na mwenzake akampita sikioni?

"Yusto," alisema taratibu, "nyumbani kwenu kuna nini?"

Nyuma ya Yusto kiti kikaburutwa tena. Hata mkwaruzo huo hedifoni ziliuleta mzima.

"Tumemzika mama jana," Yusto akasema. "Nisameheni. Kila anayeingia hapa ananiambia pole. Nilitaka mahali ambapo mtu ataniambia tu, adui yuko kushoto."

Pole ilimfika Klementina kwenye ncha ya ulimi, akaimeza.

"Kushoto hakuna adui," Klementina akasema. "Panda huku kilimani. Tupo."

Mlangoni akasimama Cornelius, aliyekuja kuchukua jibu lake. Klementina alivua upande mmoja, akamwamkia, naye akaitikia marahaba na kuuliza kama zinafaa. Akamjibu kwamba kwa ukumbi hazifai hata kidogo, kwa sababu kelele za vijana zingepita wavuni na kila mmoja angesikia vita vya jirani yake.

"Basi nizirudishe?"

"Hapana, mjomba. Sijawahi kuvaa kitu kizuri kama hiki. Niachie kidogo, kuna mtu naongea naye."

Cornelius alimtazama usoni, akaketi kwenye kigoda bila kuuliza zaidi.

Juu ya kilima, wapiganaji watatu walikuwa wameketi kwenye mvua, bunduki zikiwa chini. Hakuna aliyesonga. Adui wangefika wakati wowote, na Klementina hakuwasikiliza. Alisikiliza pumzi moja ikitafuta njia, ikipotea, ikirudi. Kisha, mbali nyuma ya pumzi hiyo, huko Kasanga, mlango ukafunguliwa, na mwanamke akamwambia Yusto kwa sauti ya chini kwamba uji bado una moto.