Bei ya Gari la Mgiriki

Mume wangu Tomasi aliandika bei ya lile gari mara tisa, na kila alipoiandika ilipanda. Alikaa barazani na daftari la mtoto wetu Ida, kalamu mdomoni, uso umekunjamana kama mtu anayeandika barua ya posa. Gari lenyewe, elfu tano. Tangi la pili la petroli, mia sita. Bamba la chuma la kukinga injini, mia tatu. Taa nne za ziada, springi ngumu, kabureta mbili badala ya moja. Alipofika chini ya ukurasa, jumla ilikuwa elfu kumi na moja na ushee.

"Baba Ida," nikamwambia, "unauza gari au unauza stesheni ya Kilosa?"

Hakucheka. Mambo ya gari lile alikuwa hayafanyii mzaha.

Lilikuwa la Mgiriki mwenye shamba la mkonge kule Kimamba, ambaye Tomasi alimtengenezea magari na matrekta miaka kumi na miwili. Mgiriki alilinunua jipya, viti viwili tu, kisha yeye na Tomasi wakalifungua na kulisuka upya kwa ajili ya mashindano. Likashindana mara moja. Mgiriki akaumwa mgongo, likawekwa ndani. Mashamba yalipotaifishwa mwaka sitini na saba, akafunga mizigo, akamwandikisha Tomasi kwenye kadi ya gari, akasema hiyo ndiyo asante yake. Sasa tulikuwa mwaka sabini na moja, na lilikuwa limetembea maili elfu nne na mia mbili, basi. Kila Jumapili baada ya misa Tomasi alilifuta vumbi, akaliwasha, akalisikiliza, akalizima.

Nisingemsumbua na mapenzi yake kama si mdomo wangu. Tulikuwa tumeomba kuhamia kijiji cha ujamaa Msowero, na siku ya mkutano nikasimama mbele ya wanawake wote nikasema tutakuja na mashine ya kusaga. Sijui nani alinituma. Wanawake wale walikuwa wanatwanga mpaka viganja vinavimba, au wanabeba debe la mahindi kichwani hadi Magole kwenda kusaga. Walipiga vigelegele, wakanikumbatia, na katibu akaandika jina langu, Hildegarda, kwa wino. Mashine na injini yake ilikuwa elfu sita na mia nane pale Morogoro. Sisi hatukuwa na kitu kingine cha kuuza ila lile gari. Likishindwa kufika bei hiyo, ningeingia Msowero nikiwa mwongo, na Msowero ndiko nilikotaka kuzeekea.

Mnunuzi aliyekuja alikuwa Oswald Kapalala, mwenye duka la vipuri Dar es Salaam. Alishuka kwenye treni pale Kilosa asubuhi na begi dogo, akaja nyumbani kwa miguu. Alilizunguka gari kimya, akapiga magoti, akachungulia chini, akapitisha kidole kwenye tairi. Nikaona huyu ni mtu anayejua. Tomasi akamwonyesha hesabu yake kwenye daftari, akaliwasha, akatoka, akaacha ufunguo mahali pake ili mgeni asikilize injini vizuri.

Jirani yetu Mzee Makarius alikuwa amekuja kuangalia, kama kawaida yake.

"Kwenu wapi, bwana?" akauliza.

"Tabora, mzee. Mimi Mnyamwezi."

Nikafumba macho. Sisi ni Wasagara, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, hata kubeba kitu chako mchana kweupe, na wewe huna ruhusa ya kununa. Unamjibu kwa kejeli kubwa kuliko yake, yakaisha. Ndiyo maana kwetu mtu mwenye akili anayeuziana na mtani husema kwanza: bei mbele, utani baadaye.

Oswald aligeuka mtu mwingine pale pale. "Wasagara! Kumbe nazungumza na wapagazi wa babu yangu! Elfu kumi na moja? Kwa pesa hizo namnunua mwenye gari na mkewe, na ya sigara inabaki!"

Nilimkonyeza Tomasi aseme yale maneno. Lakini mtu aliyekuwa amekaza uso wiki nzima kwa ajili ya bei, sasa kamba ilikatika, akaona raha.

"Kwa Mnyamwezi bei ni nyingine," akasema. "Nyinyi mmezoea mzigo wa kichwani, gari mtalijulia wapi? Lete shilingi mia ulichukue, nione kama utafika hata sokoni!"

Oswald akachomoa noti ya mia, akaiweka kwenye kiganja cha Mzee Makarius.

"Mzee, umesikia?"

"Nimesikia."

Akatupa begi lake ndani, akaingia, akatia gia. Likanguruma mara moja, tukabaki na vumbi.

"Atarudi," Tomasi akasema, huku akitabasamu. Tukangoja. Tabasamu likaisha. Kisha akapita mtu wa baiskeli akatuambia gari la viti viwili limempita linaelekea Mikumi, tena nusura limtie mtaroni.

"Mtani amechukua," Mzee Makarius akasema. "Na bei kaitaja Tomasi mwenyewe. Mkienda polisi mtachekwa wilaya nzima. Mfuateni, ila msinune."

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa si wewe. Tulipata lori tupu lililokuwa linakwenda Kidodi kubeba miwa, tukasimama nyuma, tumeshika vyuma, maili arobaini na tano. Njia nzima nilimpa Tomasi mgongo. Nilikuwa na hasira inayotetemesha meno, na mbele yangu naona nyuso za wale wanawake tu, nikiwaeleza kwamba mashine yao imeliwa kwa maneno ya barazani.

Mikumi tulilikuta gari nje ya hoteli, limejaa vumbi, zima kabisa. Oswald alikuwa ndani, mbele ya sahani ya wali na nyama.

"Watani!" akapaza sauti. "Mmeniletea chenji?"

Tomasi alifungua mdomo, na nikajua hakuna mzaha utakaotoka humo. Nikamkanyaga mguu. Nikavuta kiti, nikavuta na sahani, nikaanza kula. Nilimaliza nyama zote huku namtazama Oswald usoni.

"Chenji yako ndiyo hii nameza," nikamwambia.

Hoteli nzima ilicheka, na yeye kuliko wote. Nilimngoja amalize.

"Sasa nisikilize, mtani. Gari lile nimeshawaahidi wanawake wa Msowero. Ndiyo mashine yao ya kusaga, nimesimama mkutanoni nikasema. Na kule kuna watu wa kila kabila. Wote hao ni watani wako?"

Akaacha kucheka. Aliagiza maji, akanawa mikono polepole.

"Basi, utani umekwisha," akasema.

Mtani akisema hivyo, umekwisha kweli. Hapo ndipo nilipovuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi.

"Nilitaka kuliendesha peke yangu," Oswald akaeleza, "bila mwenyewe kuwa pembeni ananililia kila shimo. Sasa nalijua. Bwana Tomasi, kwenye daftari lako ulijumlisha pale ulipotakiwa kutoa. Tangi la pili, ukilijaza, gari linakaa nyuma. Springi zile alizitaka Mgiriki, mimi nitaweka zangu. Gari lililobadilishwa mnunuzi hulibadilisha tena, na hiyo ni gharama. Ninacholipia ni maili chache na injini iliyotunzwa. Elfu saba na mia mbili."

Nilitaka kupiga kigelegele. Tomasi akatikisa kichwa.

"Tairi," akasema.

"Tairi zina nini?"

"Zina miaka saba. Zinaonekana mpya kwa kuwa hazijatembea, lakini mpira umekufa. Ukizikimbiza kwenye joto zitapasuka." Akanitazama, macho yamemlegea. "Mama Ida, akifa nalo mtu mimi sitalala."

Ningeweza kumziba mdomo kwa ule wali uliobaki. Oswald alihesabu kimoyomoyo, na mimi nikahesabu pamoja naye, nikimwomba Mungu.

"Tairi nne, toa mia tatu. Elfu sita na mia tisa."

Nilirudia ile hesabu mara mbili, mashine imepatikana na mia inabaki, kisha nikalia. Nililia mbele ya watu, sikujali. Na hasira yangu kwa Tomasi niliitafuta, sikuiona tena. Mtu mwenye mdomo kama wake naye ndiye huyo huyo anayeshindwa kumficha mwenzake tairi bovu.

Oswald alifungua begi, akahesabu pesa, na kadi ikatiwa saini juu ya meza. Kisha akamrushia Tomasi ufunguo.

"Mimi nakunywa chai. Mpeleke mama mpaka mbugani, mrudi."

Miaka minne gari lile lilikuwa letu na sikuwahi kukaa ndani yake hata siku moja. Kiti kilikuwa chini kama kigoda. Tukashika barabara kuu, mpya, imenyooka, na twiga wawili wakitutazama kwa mbali. Tomasi alikuwa anatabasamu tena, safari hii kwa haki.

"Tukimbie kidogo?" akauliza.

Pesa zilikuwa mapajani mwangu, zimefungwa kwenye kitambaa, nimezishika kwa mikono yote miwili.

"Taratibu, Baba Ida," nikasema. "Nimebeba mashine ya watu."