Vidudu Visivyokufa

Nzilani alikuwa amefanya kazi katika maabara ya chuo kimoja hapo Thika miaka kumi na tisa, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kukutana na mtu aliyemzidi akili. Wahadhiri kwake walikuwa midomo mitupu. Wanafunzi, hata tusiwataje.

Basi Khisa wa shahada ya pili, kijana wa Bungoma aliyepanga chumba huko Kiuu, alipoingia amekumbatia sanduku la barafu, Nzilani alimpima kuanzia viatu hadi nywele. Viatu vilikuwa vimeachama.

"Umeleta nini?"

"Matope, Madam. Ya juu ya barafu ya Mlima Kenya."

"Umepanda mlima siku nne kutuletea matope. Hapa Thika yameisha?"

Khisa hakujua kwamba anachekwa. Akaeleza, maskini, kama mtu aliyeulizwa kwa nia njema. Vumbi jeusi hutua juu ya barafu, likashika jua, likachimba vishimo vya ukubwa wa kikombe. Ndani ya maji yale ya baridi kali huishi wanyama wasioonekana kwa macho: wenye miguu minane, na wengine ambao midomo yao huzunguka kama gurudumu la posho mill ikisaga unga. Chakula chao ni mwani. Alikuwa na mirija sita ya matope hayo, na kile kipande cha barafu alikoyatoa kilikuwa kimebaki kidogo hivi kwamba aliyewaongoza njia mlimani alisema mwakani watakuta mawe.

"Hawa ndio wa mwisho, Madam. Nikiwapoteza sina pa kurudi. Tafadhali wasitoke kwa freezer."

"Si hao ndio wale hawafi? Nimewaona kwa simu. Walipelekwa angani wakarudi wazima."

"Hao ni ndugu zao, wa kwenye magome na mabati. Wamezoea kukaushwa na jua. Hawa wanajua baridi tu."

"Sawa, daktari," akasema Nzilani, mdomo ukiwa upande.

Sasa, Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yake kupokea chama. Akina mama kumi na mmoja wa mtaani kwake Kiganjo, na ndimi zao mnazijua: ukiwapa nyama iliyoanza kunuka, utasemwa hadi Krismasi. Na stima ya Kiganjo ilikuwa imepotea tangu Jumatano. Alhamisi jioni, wenzake walipotoka, Nzilani akaingiza mbuzi mzima maabara, amekatwakatwa ndani ya mifuko. Freezer ilikuwa imejaa. Dawa za wahadhiri hakuthubutu kuzigusa. Akatoa mirija ya Khisa, akaiweka juu ya tanuri la kukaushia vyombo, penye nafasi.

"Mdudu ametoka angani, atashindwa na Thika?" akajiambia, akafunga mlango.

Jumamosi asubuhi alichukua nyama yake, akarudisha mirija penye baridi. Chama kilikula kikasifu.

Jumanne Khisa aliyeyusha mrija wa kwanza polepole, akainamia hadubini. Kisha wa pili. Kufika saa saba alikuwa amemaliza yote sita. Nzilani alikuwa kwenye sinki akisuuza chupa.

"Madam, hebu njoo uangalie."

Akaja na kejeli yake tayari. Akaweka jicho. Kilikuwa kidudu kinene, miguu minane imenyooka kikakamavu, kila mguu na vikucha vyake. Tumboni mlikuwa bado na chakula cha kijani. Kingine pembeni kilikuwa na mayai. Wiki nzima alikuwa amewacheka, na hakuwa amewahi kumwona hata mmoja.

"Wamekufa wote?" akauliza.

"Wote. Ni mimi, Madam. Asubuhi kabla sijaiyeyusha mirija, matope yalikuwa yameganda chini na barafu safi juu. Yaliyeyuka, yakaganda tena. Itakuwa ni siku ile tuliyongoja gari Naro Moru, nikalala, barafu ya sandukuni ikaisha. Profesa wangu alikuwa ameniambia nisilale." Akapangusa uso kwa mkono wa koti. "Nisamehe. Nimekujazia freezer bure."

Watu Nzilani aliowadharau kupita wajinga ni waoga, wale wa kumwachia mwenzao mzigo wao. Akafungua mdomo aseme. Kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka.

"Vijana wa siku hizi. Mnapewa kazi, mnalala."

"Ni kweli, Madam."

Khisa akatoa fomu. Ilitakiwa mtu wa maabara ashuhudie kwamba sampuli zilifika zikiwa zimeharibika. Penye sababu alikuwa ameshaandika: uzembe wa mwanafunzi. Akampa kalamu kwa mikono miwili.

Nzilani alilisoma lile neno uzembe mara mbili. Akatafuta dharau yake yote ya miaka kumi na tisa imwangukie huyu kijana, ikakataa. Ilikuwa imeshapata wa kumwangukia.

Akatia sahihi. Khisa akasema asante.