Sahani ya Baba Mkwe

Siku tuliyomfanyia baba mkwe kumbukumbu ya mwaka wa kwanza, kazi ya kwanza ilikuwa kuhamisha makreti ya pichi. Pichi hufukuza roho za marehemu, na hapa Janghowon mwishoni mwa Agosti zimejaa mpaka chini ya vitanda. Mume wangu, Gyeong-taek, aliyapeleka makreti yote kwa jirani. Mama mkwe alimfuata nyuma akifungua madirisha ili hata harufu itoke. Mwaka mzima mumewe hakuwa amemjia hata ndotoni, na jambo hilo lilikuwa linamla. Alitaka usiku huo aingie bila kizuizi.

Mzee wa watu alilima pichi maisha yake yote, na kwenye meza ya chakula tunayomwandalia roho yake haturuhusiwi kumwekea hata moja. Niliwaza hivyo huku nakaanga, na nilikuwa nakaanga tangu asubuhi.

Wifi yangu Seon-ju alifika alasiri na boksi moja tu mkononi. Yeye hutengeneza vyombo vya kauri, na watu hutoka Seoul kuja kutazama hadithi anazochora juu yake. Nyumbani humu tunasema anachezea udongo.

"Wifi, umetuletea chakula au udongo?" nilimuuliza.

"Udongo. Kwenye chakula mimi nani nishindane na wewe?"

Nilitaka kununa, nikaishia kucheka.

Alifungua boksi. Ilikuwa sahani pana nyeupe, na juu yake mti wa rangi ya buluu umetanda mpaka ukingoni. Mama mkwe aliutambua hata kabla ya kuvaa miwani.

"Huu mpichi."

"Ndiyo, mama."

"Nimetoa makreti, nimefungua madirisha, halafu wewe unakuja kumchorea mpichi? Unataka baba yako aishie nje?"

Sauti ilimtetemeka. Haikuwa hasira, ilikuwa hofu. Nilizima jiko.

"Tafuta pichi hapo, mama," Seon-ju alisema taratibu. "Ukiiona hata moja, naivunja sahani mwenyewe."

Mama alivaa miwani, akaipeleka sahani dirishani. Nami nilichungulia begani kwake. Mti ulikuwa umezaa hasa, lakini kila tunda lilikuwa ndani ya mfuko wake wa karatasi, umekazwa kwa waya juu, kama tunavyozifunga pichi shambani kila mwaka wadudu wasizile. Pichi yenyewe haikuonekana hata moja. Chini ya majani kulikuwa na ngazi, na kwenye ngazi miguu miwili ya mtu ambaye kiwiliwili chote kimepotelea mtini. Mguu mmoja ulivaa buti refu, mwingine buti fupi.

Mbwa alipomwibia buti moja, baba mkwe aligoma kununua jozi nyingine, akawa anavaa lolote linalopatikana. Mama alimsema kwa hilo mpaka siku ya mwisho.

Alipitisha kidole juu ya yale mabuti. "Mzee mbishi huyu," alisema, kisha akalia. Nililia pia, na sikuona haya. Niliishi na mzee yule miaka mingi, lakini kumbe aliyekuwa akimtazama kweli ni huyu binti yake. Nilimwonea wivu, na papo hapo nikamwonea fahari.

Giza lilipoingia tulipanga meza: samaki, mapeasi, vitu vyangu vya kukaanga. Mama aliweka ile sahani katikati na kutukataza kuweka chochote juu yake. Gyeong-taek alimimina pombe ya mchele, akaenda kuufungua mlango wa mbele kama ilivyo desturi.

Hapo huwa tunanyamaza, marehemu aingie ale. Tangu niolewe humu, mama amekuwa akimwita mumewe Baba Gyeong-taek, kwa jina la mtoto wa kwanza. Usiku ule aliinama kuelekea mlangoni.

"Ingia, Baba Seon-ju," alisema. "Usiogope, zote zimefungwa."